Nusu ya Nywele za Mwenyekiti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Shizuyo Kanbara, kinyozi wa hapa Hinokura. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na sita. Saluni yake mnaijua. Ni ile ya mkabala na stesheni.

Aliletwa hapa akiwa bi harusi, kwa treni yetu ya behewa moja, sanduku la mikasi mapajani. Treni hiyo aliipenda. Sote tuliipenda. Ila hatukuipanda.

Ndipo kampuni ya reli ikatupatia muda wa mwaka mmoja. Abiria wakiongezeka, treni itabaki. Wasipoongezeka, reli itang'olewa. Tukaitisha mkutano wa kuiokoa. Mwenyekiti, mzee Morikuni, alihutubia hadi machozi yakamtoka. Bi Shizuyo akachungulia dirishani. Nje palifurika magari.

"Wewe Morikuni," akasema, maana walikuwa rika moja, "treni ulipanda lini mara ya mwisho?"

"Aa, si nilipokuwa sekondari!"

Ukumbi ukacheka, kisha watu wakajipapasa. Kila mtu alikuwa na ufunguo wa gari mfukoni.

Wiki ileile Morikuni akaenda kunyolewa. Binti wa marehemu, Mikiyo, anasimulia: "Mama alinyoa upande wa kulia, akakung'uta shuka. Akamwambia, 'Haya, nenda. Wa kushoto nitaumaliza ukija na treni.'"

"Shizuyo, una wazimu!"

"Wazimu ninao. Na mkasi ninao."

Kinyozi mwingine mjini hakuna. Kesho yake Morikuni akapanda treni, kichwa nusu kichaka, nusu uwanja. Wanafunzi walicheka hadi wakapitiliza kituo chao. Jioni mji mzima ulijua. Tangu hapo, pale saluni, waliokuja na treni walitangulia. Wenye magari walinyweshwa chai, wakasubiri.

Mwaka ukaisha. Abiria walikuwa wameongezeka. Treni ikabaki, wasikilizaji wapendwa. Ipo hadi leo.

Juzi, siku ya mazishi, tulikuwa wengi hata kampuni ikaunganisha behewa la pili. Morikuni alikosa kiti. Alisimama njia nzima na suti yake nyeusi, akinung'unika, "Hata leo, Shizuyo, umeniadhibu." Watu wakacheka huku wakipangusa macho.

Poleni sana, Mikiyo na ukoo wote wa Kanbara. Poleni, madereva wa treni, mlionyolewa bure miaka yote hiyo. Nasi tuliobaki, kila mmoja ana kitu anachosema anakipenda: hekalu, duka la jirani, mama mzazi. Tujiulize, taratibu, bila kulaumiana: tulikwenda lini mara ya mwisho?