Munga Hakufika Magongo

KADZO: Haloo? Nani mwenzangu?

MUNGA: Dada, ni mimi. Munga.

KADZO: Munga! Namba gani hii? Nilidhani ni wale matapeli.

MUNGA: Simu ya kazini. Hamjambo huko?

KADZO: Hatujambo. Baba nimemaliza kumwogesha, nimemkalisha barazani. Uko nchi gani leo?

MUNGA: Niko... niko hapa.

KADZO: Hapa wapi?

MUNGA: Airport. Changamwe.

KADZO: Airport hii yetu? Wee! Tangu lini?

MUNGA: Asubuhi. Tumemleta mmoja wa wenye ndege, ana mkutano Nyali.

KADZO: Sasa wangoja nini? Nyumbani Magongo si hapa tu! Namtuma jirani Ngowa na pikipiki yake –

MUNGA: Dada, siwezi –

KADZO: – sasa hivi umefika, sima iko tayari –

MUNGA: Siwezi kutoka! Ndege hii ni ya matajiri wengi, kila mmoja ana hisa yake. Yeyote akisema twende, ni twende. Akikuta rubani hayupo –

KADZO: Basi nimlete Baba getini. Tutapanda tuktuk. Akuone tu.

MUNGA: Usimlete!

(Simu inakwaruza.)

KADZO: Haloo? Umekatika?

MUNGA: Nipo. Sikukusudia kufoka. Ni hili jua, na vile alivyo...

KADZO: Tangu apooze hujamwona, Munga. Wamjua kwa picha ninazokutumia.

MUNGA: Najua.

KADZO: Haya. Na wale wa ndege za abiria waliokuitia kazi? Si ulisema wanataka jibu leo?

MUNGA: ...Ndiyo.

KADZO: Wakubalie. Kituo chako kitakuwa hapa hapa Mombasa, ratiba waijua mapema, jioni unalala kwenu. Wataka nini tena?

MUNGA: Ni kuanza upya, dada. Huku mimi kapteni. Kule nakuwa msaidizi, tena wa mwisho kwenye foleni. Hawatazami umerusha nini, wanatazama umeingia lini. Vijana niliowafundisha mwenyewe ndio watakaoniamrisha.

KADZO: Wakuamrishe! Jioni si utavua sare?

MUNGA: (anacheka kidogo) Wewe nawe.

KADZO: Mramba amepata shule Lunga Lunga, kule mpakani. Amefanywa mwalimu mkuu, na nyumba amepewa.

MUNGA: Hongera zake.

KADZO: Ataka tuoane kabla hajaenda. Wazee wake wameshakuja mara mbili. Mara zote nimewaambia wasubiri, ndugu yangu yuaja. Wanisikia? Ukirudi wewe, mimi naenda. Usiporudi... ah. Waandikie sasa hivi, nikiwa hapa hapa kwenye simu.

MUNGA: Nimeshawajibu.

KADZO: Lini?

MUNGA: Juzi.

KADZO: Umewaambiaje?

MUNGA: Mtandao huu unakata –

KADZO: Munga. Umewaambiaje?

MUNGA: Nimekataa. Na huku nimetia sahihi mkataba mwingine. Miaka mitatu.

(Kwa mbali, mlio wa injini.)

MUNGA: Dada?

KADZO: Kumbe tangu tuanze kuongea unaniacha nibembeleze tu.

MUNGA: Nirudi nimfanyie nini Baba? Sijui kumgeuza kitandani. Sijui kumlisha. Zile picha zako nikizifungua, nazifunga papo hapo. Mimi, rubani!

KADZO: Hata mimi sikujua.

MUNGA: Na usidhani nina raha. Tangu nitie ile sahihi silali. Hoteli hadi ndege, ndege hadi hoteli, nimejifunga –

KADZO: Wewe umejifunga mwenyewe. Mimi je, nimefungwa na nani?

MUNGA: Dada –

KADZO: Ngoja. Baba ananivuta leso. Ee Baba, ndiye. Ndiye Munga. Anataka simu.

MUNGA: Kadzo, ngoja, usimwambie niko –

BABA: Mu... Munga.

MUNGA: Baba! Shikamoo Baba.

BABA: Mara... haba. Uko... uko juu?

MUNGA: Baba...

BABA: Uko juu?

MUNGA: Niko juu, Baba. Mbali sana.

BABA: Vyema. Shika... shika sawasawa.

KADZO: Lete, Baba. Lete simu. (kwa sauti ya chini) Anacheka. Anatazama juu, anakutafuta.

MUNGA: Dada, wallahi – ngoja, ngoja, gari la bosi hilo laingia. Lazima –

KADZO: Nenda.

MUNGA: Nikitua nitakupigia, tuongee vizuri –

KADZO: Usinipigie wiki hii. Nina neno la kumwambia Mramba, na sijui nitaanzia wapi.

MUNGA: Dada, nisa –

KADZO: Nenda, Munga. Jua limefika barazani, nimwingize ndani.

(Simu imekatwa.)