Historia ya Salvator Ndikumana, Fundi Rangi

Wapendwa waombolezaji mliotoka Bluff, Warwick na hapa hapa Cato Manor, marehemu Salvator Ndikumana, ambaye kaka yake Dominiki anawasomea habari zake bila kuongeza chumvi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kasulu, mkoani Kigoma, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1967 hadi 1973, akaishia darasa la saba, na ufundi wa rangi hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuharibu kuta za watu na kuzirudia bure.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa Kigoma mjini na Colette, binti wa Uvira, wakajaliwa watoto wawili, Ernestina na Achille.

Februari 1995 aliingia hapa Durban, Afrika Kusini, akaanza kupaka nyumba za Bluff, kando ya bahari, na huko ndiko alikogundua kwamba chumvi ya bahari hujificha ndani ya plasta, ukuta unaonekana mkavu kumbe bado unatoa jasho, basi jioni alibandika karatasi ya gazeti, na asubuhi akiikuta imelegea hapaki, hata umtukane.

Septemba 1998 alipewa kazi ya kupaka chumba cha nyumba moja ya sanaa hapa mjini, kilichosubiri michoro mipya kutoka Marekani, yote ya watu wa kazi za mikono, ufunguzi ukiwa Ijumaa tarehe 2 Oktoba. Aliyeileta ni Mama Cathy, Mmarekani, binti wa mwashi, naye alimweleza Salvator kwamba kwao kila mtu anaisifu kazi ya mikono, hata waomba kura hupigwa picha wameshika nyundo, lakini mzazi akirudi nyumbani humwambia mwanawe asome sana asije akaishika. Salvator naye akamwonyesha mchoro mmoja, akasema yule mwashi ameshika mwiko kama kijiko cha uji, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Siku ya Jumanne Salvator akasema ukuta wa dirishani haujakauka, michoro itaota ukungu, meneja wa nyumba ile akauliza tangu lini fundi rangi anapanga ratiba, na Mama Cathy, pamoja na maneno yake yote ya kazi za mikono, akamwamini mwenye tai. Colette alimsihi mumewe anyamaze wasije wakakosa kazi nyingine, lakini eish, nani aliwahi kumnyamazisha Salvator? Kifua kilishaanza kumbana, na kila alfajiri alikuwa mlangoni pale kabla ya mlinzi. Alhamisi alimbandulia Mama Cathy gazeti lake mbele ya meneja, likiwa limelegea kama mchicha uliochemshwa, mama akalishika, kisha akasogeza ufunguzi hadi tarehe 9, akamwomba Salvator radhi mbele ya watu wote.

Salvator alipaka mkono wa mwisho wa rangi tarehe 6 Oktoba, tarehe 7 akalazwa kwa ugonjwa wa mapafu, ufunguzi ukampita kitandani, na kila aliyekwenda kumwona hakuulizwa habari za nyumbani, aliulizwa habari za ukuta, wala jibu la kufarijiwa hakulitaka, alitaka mtu aliyeugusa. Alifariki Jumanne tarehe 20 Oktoba 1998, saa kumi na moja alfajiri, bado akiuliza.

Jumatano Dominiki alikwenda kuugusa mwenyewe kwa mgongo wa mkono, mlinzi akamfokea kwamba haruhusiwi kugusa michoro, akajibiwa waziwazi kwamba michoro ni yao, ukuta ni wa Salvator, na ukuta ule, ndugu zangu, ni mkavu kama unga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cato Manor, Mama Ninahazwe aliyepika siku zote nne za msiba, mafundi wenzake wa Bluff walioacha ngazi zao leo, na Mama Cathy aliyekaa benchi la nyuma.

Salvator, mdogo wetu, upumzike sasa kwa amani, na safari hii usiamke kabla hujaitwa.