Historia ya Bi Mistari, Aliyepima Mwanga wa Darubini ya Anga

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutusindikiza, familia inaomba utulivu wenu tusikie pamoja safari ya mpendwa wetu, ambaye nyumbani alikuwa Dada Mkubwa, na kazini alijulikana zaidi kama Bi Mistari, jina alilopewa kwa utani, akalipokea kwa utani, hadi likawa ndilo lililoandikwa kwenye kikombe chake cha chai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba yake, aliyekuwa fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kusema, lakini alipoanza alianza na maswali, na mojawapo lilikuwa kwa nini baba analaza futi kamba yake juu ya rula ya chuma kila mwanzo wa mwaka, na baba akamweleza kwamba kamba hutanuka kadiri inavyovutwa, na fundi asiyeikagua atashona nguo za kubana akidhani wateja wake wamenenepa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1967, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ubishi, kisha akajiunga na chuo kikuu mwaka 1973 kusoma fizikia, akahitimu mwaka 1976. Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika maabara ya vyombo vya anga, jengo la ghorofa mbili lenye chumba kisichoingia vumbi, ambako mtu hufunika nywele na viatu kabla ya kuvuka mlango, na hapo hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipostaafu.

Kwa wasioielewa kazi yake, na wengi wetu tumo humo, ilikuwa hivi. Ndani ya darubini inayorushwa angani mna chombo kinachoitwa spektrografu, ambacho huutawanya mwanga wa nyota katika rangi zake, na kati ya rangi hizo mna mistari myembamba inayoeleza nyota imeumbwa na nini, na kama inatusogelea au inatukimbia, ila chombo chenyewe hakijui mstari upi una urefu gani wa wimbi, kwa hiyo huwekewa taa ndogo ya gesi ambayo mistari yake inajulikana tayari, ikawashwa, na mwanga wa nyota ukapimwa kwa kulinganishwa na wa taa hiyo. Kuhakikisha kipimo hicho hakidanganyi ndiyo iliyokuwa kazi yake. Shangazi yetu, aliposikia kwamba binti ameajiriwa kwa mambo ya taa, alimwita aje kutengeneza ya jikoni iliyokuwa ikizimazima, naye hakueleza lolote, akaja na balbu mpya, akapanda juu ya stuli, akaibadilisha, akanywa chai akaondoka.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na mtazamaji wa nyota aliyekuwa akifanya kazi naye katika jengo moja, shemeji yetu, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti mwaka 1983 na mtoto wa kiume mwaka 1987. Darubini waliyoitumikia wote wawili ilirushwa mwaka 1994, na kwa muda mrefu mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa darubini asubuhi, darubini jioni, hadi watoto wakatunga sheria kwamba atakayeitaja mezani ataosha vyombo.

Mwaka 1997 shemeji yetu alitangaza kwamba nyota moja aliyokuwa akiifuatilia inayumba, inasogea na kurudi, na kwamba kinachoiyumbisha ni sayari inayoizunguka. Zilikuwa habari kubwa, alipongezwa kila kona, na ilikuwa kama imeshaamuliwa kwamba yeye ndiye atakayeongoza mradi wa darubini inayofuata. Marehemu alifurahi pamoja naye, lakini alipokuwa akipitia vipimo vya kawaida aliona kwamba nyota nyingine, iliyojulikana kuwa imetulia, ilionekana kuyumba vilevile, na kwa saa zilezile ambazo darubini hutoka kivulini kuingia juani.

Akamwendea mkuu wa kitengo kuomba taa iwashwe mfululizo katika mzunguko mzima, maana kwa kubana matumizi ilikuwa ikiwashwa mara moja moja tu. Mkuu akamwambia, "Taa ikiungua, Bi Mistari, hatuna fundi wa kumtuma huko juu."

"Na tusipoiwasha," akajibu marehemu, "tuna darubini isiyojua inaona nini."

Iliwashwa, na mistari ya taa, ambayo haina sababu ya kwenda popote, ikasogea na kurudi sawasawa na nyota ya shemeji. Chombo kilikuwa kikipata joto na kupoa, kikijikunja kidogo mno, na mwendo ule ulikuwa wake, si wa nyota.

Alirudi nyumbani siku hiyo ya Jumamosi mchana, akamkuta mumewe mezani, akaketi kabla hata ya kuvua koti. "Baba watoto," alisema, "ile nyota yako haiendi popote."

Shemeji alimtazama, akamuuliza kama ana hakika.

"Ningekuwa na shaka, ningekungoja umalize kula."

Hakuna aliyepandisha sauti. Shemeji alinawa mikono, akaomba aone michoro, akaikagua hadi jioni akitafuta mahali pa kumkosoa mkewe, hakupaona. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya wenzake ukumbini, akaliondoa tangazo lake, akasema, "Aliyeona kosa hili ni mke wangu, na nashukuru limeonekana nyumbani kwangu kabla ya kuonekana nyumbani kwa watu." Wengine walicheka, yeye hakucheka, na mradi ule mpya alipewa mtu mwingine.

Hatutaficha kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mizito, maneno ndani ya nyumba yakabaki ya shule na soko, na marehemu alimwambia mama yetu kwamba kusema ukweli hakukumuuma, kilichomuuma ni kusikia nyumba imenyamaza. Sheria ya mezani haikuwa na wa kuivunja. Ndipo siku moja akamwambia mumewe kwamba vipimo vya miaka mitatu vinahitaji kusahihishwa kimoja kimoja, kwamba mkono wake mmoja hautoshi, na kwamba hataki msaidizi mwingine ila yeye. Shemeji akauliza waanzie mwaka gani. Waliifanya kazi hiyo bega kwa bega hadi mwaka 2000, na masahihisho yao ndiyo yaliyotumiwa na watafiti wengi, wakapata mambo ambayo hadi leo hayajatenguliwa. Ile sayari haikurudi. Lakini jioni ya kwanza shemeji alipotaja darubini mezani, watoto walipiga meza kwa furaha, naye akaosha vyombo.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2013, mwaka ambao darubini nayo ilizimwa, baada ya kulea vijana wengi wa kazi ile, ambao aliwafundisha kwa ukali na kuwalisha kwa ukarimu.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini, na siku ya kwanza alimuuliza muuguzi mashine ile ilikaguliwa lini mara ya mwisho, muuguzi akamwonyesha kibandiko chenye tarehe, naye akasema, "Haya sasa, endelea." Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023 moyo nao ulidhoofika, madaktari wakamweleza hali ilivyo, naye akaamua kuacha kusafishwa. Mwanawe wa kiume alimsihi asiache, akamwambia mama, usituchoke, naye akamshika mkono akamjibu, "Sijawachoka ninyi, mwanangu. Nimeichoka mashine." Alirudishwa nyumbani, mapazia yakafunguliwa kama alivyotaka, na tarehe 9 Juni, asubuhi, binti yake akimsomea gazeti na mumewe akiwa ameketi kitandani pembeni yake, alifumba macho, na wakadhani amelala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuyavumilia maswali yake, majirani ambao hawakuuacha mlango wetu siku hata moja, na wafanyakazi wenzake, wa zamani na wa sasa, waliobeba viti, waliolia nasi na waliotuchekesha. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wanne.

Dada Mkubwa, mke, mama, bibi, ulitupenda bila kutudanganya, na hatujui wengi waliopendwa hivyo. Tunakuachilia sasa, upumzike kwa amani.