Maji Yaliyojaa Kifuani Mwangu

Sogeeni kitandani, wanangu, Poni upande huu na wewe Constantine upande ule, na mama yenu Goretti abaki pale mlangoni ili anisahihishe nikidanganya. Sikilizeni bila kunikatiza, maana pumzi yangu ni fupi na maneno ni mengi.

Kazi iliyowalisha mnaijua. Tangu tuliporudi kutoka ukimbizini Uganda tukajenga hapa mjini Juba, mtaa wa Juba Na Bari, nimechunguza ugonjwa mmoja tu, yale maji yanayojikusanya kati ya pafu na mbavu mpaka mtu anahema kama samaki aliyetupwa mchangani. Msichokijua ni kiburi changu kilianzia wapi. Kilianzia Kampala, siku nilipokwenda kumposa mama yenu. Babu yenu Kato alikuwa akinitajia mahari, nami nikasikia anakata maneno ili avute hewa, nikainuka, nikamgonga mgongoni kwa vidole viwili, nikatangaza mbele ya mashangazi kwamba mzee ana maji. Akaniuliza, "Umekuja kuoa au kununua pipa?" Nikafukuzwa. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe hospitali akitweta, nikamtoa lita moja na nusu, naye akasema kijana aliyekwisha kuona ndani ya kifua chake hana haja ya kupelelezwa zaidi. Nikapewa mke. Tangu hapo nikayaamini masikio yangu kuliko kauli ya mtu yeyote.

Nikafundisha kwamba maji yakipimwa visionekane vijidudu, basi si kifua kikuu, mgonjwa atafutiwe ugonjwa mwingine. Kizza, tuliyesoma naye darasa moja, akasimama mkutanoni Entebbe akasema mbele ya watu, "Laku, wewe iko natafuta mwizi uani, na mwizi iko chumbani." Alimaanisha vijidudu hujificha kwenye utando unaolifunika pafu, hivyo lazima ukatwe kipande kidogo cha utando kwa sindano. Watu wakacheka. Sikumsemesha miaka minane. Hata alipofiwa na mkewe Janepher nilituma pole kupitia mama yenu, na hilo naliona aibu kuliko yote.

Mwezi juzi kifua changu nacho kikajaa. Nikapima maji yangu mwenyewe, sikuona kijidudu, nikajihukumu kansa. Ndipo nilipowaita nikagawa: nyumba ya mama yenu, shamba la Rejaf la Constantine, darubini na madaftari ya Poni, kwa kuwa yeye ndiye muuguzi pekee anayeweza kuusoma mwandiko wangu. Hayo hayabadiliki. Lakini Constantine, nimesikia umeshakodi turubai na viti vya matanga. Sikulaumu, ulimwamini baba yako. Virudishe.

Maana mama yenu, bila kuniomba ruhusa, alimpigia simu Kizza. Alhamisi akashuka kwenye ndege ya Entebbe na begi la sindano, akanichoma ubavuni, akachukua kipande cha utando, akaondoka nacho kwenda maabara ya mjini kana kwamba amenunua nyama. Leo asubuhi amerudi na majibu. "Laku, ni kifua kikuu," akasema. "Dawa miezi sita. Wewe hapana kufa." Nikamjibu, heri kansa. Nilisema kwa dhati, wanangu. Mama yenu akaenda nje, nikamsikia analia karibu na tangi la maji. Ndipo nikaujua upumbavu wangu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kuna zito zaidi. Kama nilikosea juu yangu, nimewakosea wangapi? Nilipofumba macho nilimwona Achan, yule mama anayekausha samaki kule mtaa wa Mangateen, niliyemwambia mwaka jana kwamba moyo wake umechoka, aende akapumzike. Apumzike vipi na watoto watano? Poni, kesho kabla ya kazi nenda ukamtafute. Ukimkuta, usimwambie eti vipimo vimebadilika. Mwambie Daktari Laku alikosea. Kisha fungua madaftari, na kila niliyemwandikia "si kifua kikuu" aitwe upya, Kizza awapime. Utafiti utoke kwa majina mawili, la kwake litangulie. Liandike hilo sasa hivi, Poni, kabla sijabadili nia.

Ugomvi wangu naye msiurithi, haumo katika mali niliyogawa. Constantine, mpelekee chakula Kizza pale sebuleni, tangu Alhamisi hajala kitu cha maana katika nyumba hii, na ni mimi niliyekataza.

Sasa sauti inaniacha... Mungu awape vifua vyepesi, wanangu. Awape rafiki atakayewabishia mpaka mpone, nanyi mmjue mapema kuliko nilivyomjua mimi. Awalinde barabarani na... khalas, yatosha, nimechoka.

Leteni vidonge. Vyote vinne, na maji. Ila Kizza akiingia, mwambieni ageukie ukutani. Nitameza, lakini asinitazame.