Velma Apelekwe kwa Mchina Yupi?

Kijiwe chetu ni palleti mbili za mbao zilizogeuzwa benchi, nyuma ya godauni la matairi pale Sulay, Riyadh. Kila Alhamisi baada ya alasiri, jua likipungua makali, tunakutana hapo na thamosi ya Profesa. Profesa ni Hillary, mlinzi wa lango, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea. Kilometa ni Lewis, anayepeleka chakula kwa pikipiki, na kila hoteli ya mji huu anaijua kwa mlango wa nyuma. Dalmas anaendesha trela. Mimi ni Fred, kazi yangu kijiweni ni kucheka. Siku hiyo hakuna aliyetulia, kwa sababu Dalmas alikuwa amepewa mzigo wa Jeddah, na Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, ndiko mke wake Velma anakofanya kazi za ndani. Mwaka mmoja na miezi minane wako nchi moja na hawajaonana.

— Nafika kesho Ijumaa saa sita, Dalmas alisema kwa mara ya tano. Nikishusha mzigo, jioni yote ni yangu. Nampeleka kwa Mchina!

— Kwa nini Mchina? nikauliza.

— Watoto wa madam huagizanga Mchina kila wiki. Velma huniambia, "Maboksi natupa mimi, lakini sijawahi onja hata supu." Nikamwahidi.

— Mchina yupi? Kilometa akauliza.

— Si Mchina ni Mchina?

Kilometa aliweka kikombe chini kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

— Buda! Hiyo ni kama kusema Kenya nzima inakula mukimo. China iko na majimbo! Kuna Sichuan. Pilipili ya huko haiwashi tu, inatia ganzi. Mpishi mmoja wa mtaa wa Olaya hapa mjini alinionjesha, nikaendesha pikipiki nusu saa sijui kama niko na midomo.

— Ganzi hapana, Profesa akakata. Mtu hajaona bibi yake karibu miaka miwili, leo ambusu asisikie kitu? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa.

— Basi Lanzhou. Hao ni Wachina Waislamu. Kuna mmoja pale Murabba, nyuma ya maduka ya simu, anavuta unga kwa mikono, anaupiga mezani, pa! pa! Donge moja linakuwa tambi nyembamba kama uzi. Dakika mbili uko na bakuli ya supu ya ng'ombe.

— Dakika mbili? Haraka haraka haina baraka, Profesa akasema.

— Na Murabba ni hapa Riyadh, nikaongeza. Velma yuko Jeddah.

— Kantoni basi! Kilometa alikuwa amesimama sasa. Jeddah upande wa baharini iko moja. Vikapu vya mianzi vimepangwa ghorofa tano, ndani kuna kamba wa baharini amefungwa kwa unga mwembamba mpaka unamwona.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa Velma ataanza kikapu cha chini ama cha juu?

— Profesa, kunywa kahawa. Halafu kuna wale wa Xinjiang, hao wanapika pilau ya kondoo na karoti.

— Pilau walifundishwa na mtu wa Lamu, Profesa akasema bila kupepesa macho. Alipotea njia akienda Makka.

— Alipotea mpaka China?

— Hakukuwa na ramani kwa simu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Dalmas alipiga goti lake.

— Halas! Nampeleka zote! Tunaanza na vikapu, tunapitia tambi, tunamaliza na ganzi!

Hapo ndipo Rispah aliposogea. Ni msafishaji mgeni hapo godauni, wiki yake ya pili, alikuwa anangoja basi la kampuni na mkoba begani, akitusikia.

— Shemeji, ni kesho Ijumaa?

— Ijumaa, dada. Siku ya off.

— Off ya nani?

Rispah aliteremsha mkoba.

— Ijumaa ndiyo siku watoto wakubwa wa madam hurudi kwa mama yao na wajukuu wote. Mimi kabla nije hapa nilikaa kwa nyumba Jeddah miaka mitatu, kila Ijumaa napikia watu ishirini. Kesho hao wa Velma watapikiwa na nani?

Niliona aibu. Sisi wanaume wanne, tunaolala Ijumaa mpaka adhuhuri, hatukuwa tumewaza hilo.

— Aliniambia "sawa, ukija tutaona," Dalmas alisema polepole. Nikajua ni ndiyo.

— Muulize tena.

Akashika simu, akamtumia Velma ujumbe wa sauti: "Mama Shirleen, kesho unapata nafasi saa ngapi?" Tulingoja. Jibu lilipoingia aliliweka wazi tusikie sote, na nyuma ya sauti ya Velma sufuria zilikuwa zinagongana.

"Baba Shirleen, kesho ni watu kumi na tisa. Niliogopa kukuvunja moyo. Lakini saa kumi jioni wakilala natoa takataka, na nimeomba madam dakika kumi kwa geti. Aki usikose! Leta chochote, bora kisikuwe kimepikwa na mimi."

Dalmas aliruka juu.

— Dakika kumi! Amepata dakika kumi!

— Tambi zitavimba, supu itamwagika, Kilometa akasema mbio mbio. Mantu! Zile kama sambusa za nyama, za mvuke. Mahujaji wa kutoka pande hizo za Xinjiang walikuja nazo zamani wakabaki, Jeddah ziko kila kona. Mtu anakula kwa mkono amesimama!

— Dada Rispah, Dalmas akageuka, dakika kumi mtu anakula mantu ngapi?

Basi la kampuni lilikuwa linakata kona. Rispah alipandisha mkoba begani.

— Nunua za watu wawili, shemeji, mle pamoja. Kwa hizo nyumba tunakulanga jikoni, pekee yetu.

Profesa aliinua thamosi ammiminie Dalmas kikombe cha safari, yakatoka machicha tu. Dalmas hakuona. Alikuwa ameshaenda kuwasha trela.