Mbegu Zilizobaki Darini

Bwana asifiwe, ndugu zangu, yeye aliyetupandisha mlima huu leo tukiwa wazima. Nitaeleza jambo moja alilonitendea, kwa mpangilio wake, ili hata asiyenijua aelewe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nasi tulikaa upande wa Bumbuli. Nilikuwa mkulima, nikajifunza kusoma ukubwani katika kisomo. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa na sharti moja: ukianza kusoma kitu, hata maandishi ya mfuko wa mbolea, soma tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Tulikuwa tunamcheka.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua za vuli, alikuja mhubiri kutoka mbali. Simwiti mlevi wala mwizi, maana hakuwa hivyo. Alifunga, aliomba kwa machozi, na wagonjwa wetu aliwatembelea kwa miguu kwenye matope. Alifundisha kwamba Bwana anarudi mvua za vuli zitakapoanza, hivyo anayepanda msimu huu haamini. Kila nyumba ishushe mbegu zake, tuzipike pamoja Jumapili, iwe karamu ya kumpokea Bwana.

Mnajua mbegu zetu zinakaa wapi. Zinaning'inia darini juu ya mafiga, moshi unazilinda na wadudu mpaka maganda yanakuwa meusi. Kuzila ni kula mwaka unaokuja. Ndugu zangu, kwetu hiyo ilionekana ndiyo imani yenyewe. Mdogo wangu Yonasi alishusha zake zote siku hiyohiyo, akiimba.

Nikamwambia mke wangu, Eliza, apande ngazi anipe zetu. Akapanda. Akashika hindi la kwanza, akabaki nalo hukohuko juu.

“Baba Tabea, Bwana akija akute jiko limelala, nimpikie nini?”

“Shuka. Usifanye mzaha na mambo ya Mungu.”

“Mzaha nimeumaliza, sasa nakuuliza. Siku ikipita asije, watu watamwita nani mwongo? Mhubiri wako, au Bwana?”

Nikaenda kwa mhubiri, nikamwuliza swali lile kwa adabu, nikitamani anitulize moyo. Akanitazama kwa huzuni.

“Anayeuliza hivyo ameshaanguka,” akasema.

Nilirudi nyumbani nimejaa hofu. Nikafungua katika Biblia barua ya mtume, ile ambayo mhubiri alitusomea mstari mmoja tu. Niliisoma kama nilivyofundishwa, tangu salamu ya kwanza mpaka baraka ya mwisho. Mtume alikuwa anawaandikia watu walioambiwa kwamba siku ile imefika. Walifadhaika, na wengine wakaacha kazi zao. Akawaambia wasikubali kudanganywa, wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe.

Ndugu zangu, mwili ulinisisimka. Watu wale walikufa zamani sana, ng'ambo ya bahari, lakini habari ilikuwa ya kijiji chetu. Bwana alikuwa ametuona kabla milima hii haijasikia jina lake. Niliketi pale na kitabu magotini, siwezi hata kuomba. Kisha nikamwambia Eliza mbegu zibaki darini.

Nilikwenda kwa Yonasi kumsomea barua yote. Hakutaka. “Kaka, imani yako imepoa,” alisema, akaenda karamuni.

Mvua ikaja. Siku zile zikapita. Asubuhi moja mhubiri akashuka kuelekea Soni bila kuaga mtu. Yonasi hakuwa na mbegu hata punje, lakini hilo halikuwa baya zaidi. Nilimkuta amekaa kizingitini.

“Usiniite tena kanisani,” akaniambia. “Mungu wenu amenidanganya.”

Hapo swali la mke wangu lilipata jibu, na lilitoka kinywani mwa ndugu yangu mwenyewe.

Sikumhubiria. Tulishusha mahindi yetu, tukayagawa, nikampelekea fungu lake. Akamenya hindi moja. Ganda lilikuwa jeusi kama mkaa, lakini ndani punje zilikuwa nyeupe, safi kama siku ya kuvunwa. Akaniuliza:

“Kwa hiyo wewe hukuamini kwamba atakuja?”

“Naamini atakuja. Ndiyo maana nataka atukute shambani.”

Aliingia ndani, akatoka na jembe.

Tulipanda kwa kuchelewa, na majirani ambao hawakumfuata mhubiri walitutania. Halafu asubuhi moja ukungu ulipanda kutoka bondeni, tukaona mistari ya kijani imejipanga ubavuni mwa mlima, shamba langu na lake. Yonasi akavua kofia. Nami nikavua yangu. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Namshukuru Mungu aliyetutunza kama punje zile ndani ya masizi. Ndugu yangu, ukiletewa fundisho linalokutisha usiulize, uliza. Ukisomewa mstari mmoja, soma barua yote. Bwana wetu hakumfukuza mtu kwa kuuliza. Mwaminini yeye, naye atakuja kwa saa yake. Na mvua zikianza, pandeni.