Jiwe Mlangoni mwa Njia Nyeusi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka fundi baiskeli mliyemjua kwa jina la Bi Shubiri. Kabla sijafika mbali, niwaambie jambo. Asubuhi hii chama cha waendesha baiskeli kimetupigia simu, kikaomba tumtaje marehemu kama "mama mpole wa msituni". Mpole! Mama yake mzazi alikuwa akisema binti huyu alizaliwa amekunja ngumi. Tukimwita mpole leo, tutakuwa tunamzika mtu mwingine.

Bi Shubiri alikuwa na banda la kutengenezea baiskeli kando ya msitu. Banda la mabati, sakafu imelowa oili, rimu zinaning'inia darini. Ukimpelekea baiskeli yenye mnyororo mkavu, alikutukana kwanza, kisha akaupaka mafuta. Mafuta hakukutoza. Matusi nayo yalikuwa ya bure.

Lakini kazi tunayomkumbukia ni njia za baiskeli mle msituni. Njia tatu, wasikilizaji, na zote alizichimba yeye. Ya Kijani ni ya wanaoanza: pana, mteremko wa polepole, hata mtoto anapita. Ya Buluu ni ya waliokwisha kuzoea: ina kona kali na mizizi. Nyeusi ni ya mabingwa. Hiyo inashuka bondeni kupitia makorongo na mawe, na ukishaingia hakuna pa kutokea mpaka chini kabisa. Lishikeni hilo. Ukishaingia, hakuna pa kutokea.

Ndiyo maana mlangoni mwa Njia Nyeusi Bi Shubiri aliweka jiwe. Jiwe la kimo cha kiuno, unalipanda kwa baiskeli na kuruka upande wa pili. Asiyeliweza alianguka hapo hapo mchangani, akachubuka goti, akarudi Buluu na aibu yake. "Kigumu kuliko vyote kikae mlangoni," Bi Shubiri alikuwa akisema. "Wa kushindwa ashindwe akiwa bado karibu na kwao."

Sasa tuje kwa mwenyekiti wa chama. Huyu ni seremala, tena hodari, na ni shemeji yake marehemu. Ndiye aliyemwoa mdogo wake. Wageni walikuwa wakimlalamikia. Wanakodi baiskeli, wanafika kwenye jiwe, wanarudi wamenuna. Mwenyekiti akaona jiwe ndilo hatari. Bi Shubiri alipolazwa kwa upasuaji wa goti, shemeji mtu akaingia msituni na mbao zake, akajenga daraja juu ya lile jiwe. Mbao zimepigwa randa, misumari imezama, unapita kama uko sebuleni kwako. Nilikuwa na nia njema, anasema mpaka leo. Nia njema!

Bi Shubiri alitoka hospitali na magongo, na nyumbani hakwenda. Alikwenda msituni. Akalitazama lile daraja, akalipapasa.

"Shemeji, kazi safi," alisema. "Umelitilia kaburi mlango wa sebule."

"Shemeji, watu wanaumia kwenye hilo jiwe lako."

"Wanachubuka! Huko bondeni hawatachubuka. Toa mbao."

"Sitoi. Msitu si wako peke yako."

Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu.

Haukupita muda mrefu, yakatokea. Dada mmoja, mshonaji nguo, alikodi baiskeli siku yake ya mapumziko. Hata Buluu alikuwa hajawahi kuipita. Akaona daraja zuri, akaingia. Bi Shubiri ndiye aliyesikia kilio. Alishuka akichechemea, akamkuta korongoni, nyonga imevunjika, akakaa naye kwenye matope mpaka machela ilipofika. Na chama kilisemaje? Uzembe wa mwendeshaji. "Kwani kibao cheusi cha onyo pale mlangoni hakukiona?" mwenyekiti aliuliza hapa hapa kwenye redio yetu. Bi Shubiri alikuwa akitusikiliza bandani. Akamrushia spana. Redio ile haikupona.

Kesho yake alibeba kigoda, akaenda kukaa mbele ya daraja. Kuzing'oa mbao hakuweza, goti lilikataa kusimamia mtaimbo, na mtu wa kumsaidia hakumpata. Basi akawa jiwe yeye mwenyewe. Jua lake, mvua yake. Kila aliyekuja alimkagua kuanzia helmeti hadi tairi.

"Wewe, na tairi laini hivyo, unaenda sokoni? Rudi Kijani!"

"Na wewe unayebana breki ya mbele peke yake, meno yamekuchosha kinywani?"

Bingwa wa kweli alimpisha, lakini kutabasamu, ng'o. Chama kikatangaza kwamba bibi amechanganyikiwa na anafukuza wageni. Kufukuza alifukuza kweli. Na muda wote aliokaa pale, hakuna mtu mwingine aliyevunjika mfupa kwenye Njia Nyeusi. Hakuna hata mmoja.

Mdogo wake alimfuata kumbembeleza. "Dada, unaniaibisha. Yule ni mume wangu."

"Basi mwambie mumeo aje akae yeye."

Mdogo mtu ametusimulia haya kwa sauti iliyokauka. "Mvua ilipozidi nilimpelekea koti. Akalipindua, akalitazama, akanirudishia. Lilikuwa la mume wangu."

Kiburi? Ndiyo, kiburi. Mnataka nidanganye na marehemu keshalala? Nimonia haikuuliza nani mwenye haki. Ilimlaza, na hakuinuka tena. Pale wodini alimshika mdogo wake mkono, akauliza neno moja tu kabla ya kunyamaza: "Nani yuko mlangoni?"

Kwenye maziko mwenyekiti alisimama akatoa machozi, akatangaza kwamba Njia Nyeusi itaitwa kwa jina la marehemu. Kibao kimeshachongwa. Kitapigiliwa wapi? Kwenye zile zile mbao. Mtu hajapoa kaburini, na tayari jina lake linawakaribisha watu korongoni! Mimi nimekasirika, wasikilizaji, na sioni sababu ya kuwaficha.

Kwa mdogo wa marehemu na ukoo mzima, poleni sana. Kwa dada mshonaji, ambaye bado hajasimama, pole. Nawe mwenyekiti, umefiwa na shemeji, pole na wewe pia. Lakini pole haing'oi msumari. Sisi tuliobaki tujiulize: tunapomlainishia mtu mlango, tumemwambia kilichoko ndani?

Familia imeomba tuwatangazie. Anayetaka kuwafariji asiende nyumbani. Jumamosi asubuhi afike mlangoni mwa Njia Nyeusi, na aje na mtaimbo. Narudia: Jumamosi asubuhi, na mtaimbo. Mwenyekiti naye ametuarifu kwamba siku hiyo geti la msitu litafungwa kwa kufuli.

Tulimfikishia mdogo wa marehemu habari hiyo. Ametujibu hivi: "Ufunguo wa hilo kufuli unalala nyumbani kwangu."